Jeki Tatu na Kibao cha Chapati

Hiace yetu ilikuwa daladala kabla haijawa nyumba. Niling'oa viti vya nyuma, nikapachika kitanda cha mbao, kabati la vyombo, jiko la gesi la pleti mbili na pipa la maji la lita 100. Mke wangu hakuipinga safari ya Lushoto, ila gari alilibatiza "chumba cha kupanga". Jioni ya kuamkia safari, tairi la nyuma kushoto likalala chali uani kwetu Kigamboni, mchangani.

"Jeki unayo?" akauliza.

Swali gani hilo! Ninayo, ya mkasi, niliibakiza tulipouza kale kagari ketu kadogo. Imeandikwa tani 1. Hiace tupu inakaribia tani 2, na hapo sijahesabu kitanda. Nikaitegesha chini ya chasisi, nikazungusha mpaka shati likaloa. Bodi ikapanda, tairi wala halikushtuka. Kumbe ukiinulia kwenye chasisi, springi hujinyoosha kwanza huku ekseli imekaa pale pale. Jeki inamaliza urefu wake, tairi bado linabusu ardhi. Mara skrubu ikapinda, na sufuria zote kabatini zikaitikia.

"Maji ya pipani umemwaga?"

Sikuwa nimemwaga. Kilo 100 hizo.

Nikaazima kwa jirani jeki ya chupa. Binti yetu wa kidato cha pili akanieleza, bila kuulizwa, kwamba hiyo ni kanuni ya Pascal: unasukuma mafuta kwenye bomba jembamba, yanasukuma pistoni nene. Kanuni nzuri, kama mafuta yapo. Jeki ilikuwa imelazwa ubavu stoo kwa miaka, yamevuja. Ili isizame mchangani niliiwekea kibao cha chapati, nikijua mwenyewe yuko bafuni. Ikapanda vidole viwili, ikatulia, halafu ikaanza kushuka taratibu kama mzee anayetafuta mkeka. Kibao kikabaki na alama ya kitako cha jeki, mraba mzuri, kina cha punje ya mchele.

Asubuhi nikapanda pantoni, nikaenda Gerezani. Nilichouliza dukani ni tani tu. Muuzaji akaniuliza kama uani kwangu kuna zege au mchanga. Nikaona anapeleleza maisha yangu. Nikarudi na jeki ya magurudumu, nyekundu, tani 3, nzito kama gunia la saruji lililopungua kidogo.

Nikaisukumia chini ya difu kutokea nyuma, nikapampu. Sasa, mkono wa jeki hii haupandi wima. Unapanda kwa kujipinda, ndiyo maana imewekewa magurudumu, iweze kutambaa kulifuata gari. Kwenye zege inatambaa bila wewe kujua. Mchangani magurudumu yake yalizama, jeki ikaganda, basi gari ndilo likaanza kuifuata jeki. Hendibreki nilivuta, lakini ya Hiace hushika matairi ya nyuma, na hayo ndiyo niliyokuwa nayanyanyua. Matairi ya mbele sikuyawekea hata kokoto. Nikaona bampa linanijia.

"Shusha, Baba! Shusha!"

Nikashusha. Nyuma yangu kuku walikuwa wameshahama banda.

Fundi alikuja na bodaboda, mfukoni hana haraka. Akayazuia matairi ya mbele kwa matofali, akalegeza nati tairi likiwa bado chini. Kwa kuwa tairi limelala na ekseli imeshuka, jeki yake ya chupa ya tani 5 haikupenya. Akapiga magoti, akafukua mchanga kwa mikono, akalaza ubao mpana shimoni na kusimamisha jeki juu yake, chini ya ekseli yenyewe, karibu na tairi bovu. Mchanga ule ule ulionitesa! Akapampu huku anaongea na simu. Tairi likapaa. Kabla ya kulichomoa akasukumia spea chini ya chasisi: gari likianguka, lianguke juu ya mpira, si juu yake.

Akapokea elfu kumi, akaiangalia jeki yangu nyekundu. "Hii nzuri," akasema. "Siku ukimwaga zege uniite."

Tukafika Lushoto siku moja nyuma ya ratiba. Asubuhi, bonde la chini ya Irente likiwa bado limejifunika ukungu, mke wangu akawasha jiko, akatoa kibao, akasukuma unga. Chapati ya kwanza ikaiva na mraba katikati. Akaigeuza, akaitazama pande zote mbili, akaniwekea mimi.