Heko kwa Maharage ya Bwaloni

Ikifika Machi au Aprili, shule za sekondari za Uru na vitongoji vyote vya mteremko wa Kilimanjaro huanza kufunga maturubai kwa ajili ya mahafali ya kidato cha sita. Mvua za masika hazijali ratiba, kwa hiyo mgeni rasmi huwasili viatu vikiwa na matope kama vya wazazi. Wahitimu husoma risala. Baada ya kuushukuru uongozi, walimu na wazazi, hufika kwenye fungu la changamoto: maji, uzio, uchakavu wa mabweni, uhaba wa walimu wa sayansi, na hatimaye, kwa adabu ya kirisala, “mlo usiobadilika”. Uwanja mzima huangua kicheko, maana kila mmoja anajua ni nani anayesemwa. Mpishi hutazama pembeni. Mtuhumiwa hana wakili.

Makala haya yanaichukua kesi hiyo, tena bila malipo.

Kwanza, nasaba. Maharage ya kawaida yalianza kulimwa Mexico na kwenye milima ya Andes maelfu ya miaka iliyopita, yakavuka bahari baada ya safari za Columbus, yakaingia Afrika Mashariki na kukubalika mpaka leo Tanzania imo miongoni mwa wazalishaji wakubwa barani. Huko Uru yana heshima zake. Yanapondwa na ndizi na kuitwa kiburu, yakikolezwa magadi, na hakuna mzee wa Kichaga anayekiita kiburu changamoto. Hata sayansi imeyatambua: kituo cha utafiti cha Lyamungo, kilichoanzishwa 1934 kwa ajili ya kahawa, baadaye kilizipa jina lake mbegu za maharage, Lyamungu 85 na Lyamungu 90. Ni wahitimu wangapi wana kituo cha utafiti kwenye jina lao?

Kahawa ndiyo iliyopora sifa zote. Kila akizungumza mtu kuhusu elimu ya Uchagani, hutaja KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichoanza 1933, na jinsi mbuni ulivyolipa ada za vizazi. Ni kweli, ulilipa. Lakini ada ilimfikisha mtoto mlangoni tu. Aliyemweka darasani mpaka saa nane mchana ni mwingine. Tena huyo mwingine alipanda mlima kwa taabu. Familia nyingi za Uru zina kihamba juu, penye migomba na kahawa, na shamba la mahindi na maharage kule chini tambarare. Mvua zikianza, watu huteremka na majembe. Baada ya mavuno, gunia hurudi juu kwa gari, kwa bodaboda au kichwani, na sehemu yake huishia stoo ya shule kama mchango wa mzazi. Tangu mwaka wa fedha 2022/23 Serikali imefuta ada ya kidato cha tano na sita. Maharage hayakufutwa.

Pili, ualimu. Shule zinazolalamikia uhaba wa walimu wa sayansi hazijawahi kuhesabu vizuri, maana sufuria moja hufundisha masomo matatu.

Fizikia: kila ukipanda mita 300 hivi, kiwango cha maji kuchemka hupungua kwa takribani nyuzi moja. Kwenye mita 1,500, kimo kinachokaribiana na maeneo ya juu ya Uru, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala kuni zikiongezwa hayapandi zaidi ya hapo. Ndiyo maana dharage linaloiva upesi Dar es Salaam hugoma kuiva karibu na Materuni, kijiji cha Uru ya juu. Likiwa limekaa stoo kwenye joto na unyevu kwa miezi, ganda huzidi ukaidi. Mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hisabati) anayeuliza mgandamizo wa hewa una faida gani maishani hupata jibu saa saba mchana, mezani, likiwa gumu.

Kemia: maharage yana sukari ziitwazo rafinosi na stakiosi, ambazo mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Hufika utumbo mpana zikiwa nzima, bakteria wakazishangilia, na matokeo yake ni hidrojeni, kaboni dioksaidi na, kwa baadhi ya watu, methani. Jaribio hili hufanyika usiku, taa zikishazimwa, katika bweni la vitanda vya ghorofa, na hakuna atakayedai kwamba vifaa vya maabara havikutosha. Watafiti hukubaliana kuhusu matokeo. Wanachobishania ni chanzo.

Biolojia huja na fukusi. Jike hutaga mayai kwenye punje, buu hutoboa na kuingia, hula ndani kwa ndani, kisha hutoka mtu mzima kupitia tundu la duara safi kabisa. Mzunguko mzima wa maisha ya mdudu huonekana kwenye sahani moja, hatua kwa hatua, bila darubini. Wakulima humkabili kwa majivu, mwarobaini na, siku hizi, mifuko isiyopitisha hewa. Wanafunzi humkabili kwa kutazama pembeni na kutafuna.

Tatu, malezi. Anayetaka kujua tabia ya mtu ampeleke kuchambua maharage. Kazi hii hutolewa kama adhabu, wavunja sheria wanne wakiwa wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa nyuma ya jiko, ungo katikati. Vidole hutenga: kokoto hapa, bonge la udongo pale, punje iliyonyauka kando, nzima kwenye sufuria. Dakika kumi za mwanzo wanachambua. Baada ya hapo wanapiga soga na kusukuma vyote pamoja. Kesho yake, kwenye bwalo lenye watu mia nne, husikika mlio mmoja mkali wa jino na kokoto, na wanne hao huinamisha vichwa kwa pamoja. Somo la uraia halijapata mfano mwepesi zaidi wa uwajibikaji.

Usawa nao hufundishwa hapo hapo. Mtoto wa mfanyabiashara wa Moshi mjini na mtoto wa mpagazi wa mlimani huchotewa kwa upawa uleule. Tofauti pekee ni ujuzi: mjinga hupokea maji ya juu, yenye punje tatu ukizihesabu, mwenye akili hujua kwamba utajiri umetulia chini, basi humsalimia mpishi kwa heshima zote, “Shikamoo mama”, na kuomba achotewe kutoka chini. Njuka, yaani mwanafunzi mgeni wa kidato cha tano, huhitaji muhula mzima kuligundua hili. Wengine huondoka shuleni hawajaligundua, na hupata daraja la kwanza hivyohivyo.

Upande wa mashtaka utasema maharage yanachosha. Pythagoras, inasimuliwa, aliwakataza wafuasi wake wasile jamii ya kunde, na hakuna ajuaye kwa uhakika kwa nini. Lakini Esau, kwa bakuli la dengu, aliuza haki ya mzaliwa wa kwanza, nayo dengu ni ndugu wa karibu. Wataalamu wa lishe wako upande wa Esau. Maharage makavu yana protini ya asilimia 20 hadi 25, na asidi amino zinazopungua kwenye ugali ndizo zilizomo humo, kwa hiyo viwili hivyo vikikutana hukamilishana. Umoja wa Mataifa uliufanya 2016 kuwa mwaka wa kimataifa wa mazao ya jamii ya kunde, na huadhimisha siku yake kila Februari 10. Bwaloni huadhimishwa kila siku.

Upande wa mashtaka utaongeza kwamba yanamaliza kuni. Hapo utetezi unakiri. Chakula kinachochemka nusu siku hakiwezi kusingizia upepo, na agizo la Serikali la kuzitaka taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa ni kama liliandikwa likiitazama sufuria hiyo moja. Lakini wala hayakubali kuharakishwa: maharage mekundu mabichi yana sumu ya lektini, na ni kuchemshwa sawasawa tu kunakoiondoa. Kuyapasha moto kidogo ni hatari zaidi kuliko kuyaacha mabichi. Mpishi anayeondoa sufuria mapema ili awahi nyumbani hufedheheka kabla ya prepo ya usiku.

Dhuluma kubwa hutendeka siku yenyewe ya mahafali. Risala ikishasomwa na mgeni rasmi akishaahidi mifuko ya saruji, wageni huandaliwa pilau, nyama, kachumbari na soda. Maharage, yaliyohudhuria bwaloni bila kukosa siku moja, hayamo kwenye orodha ya waalikwa. Wahitimu hupiga picha na sahani za pilau na kusema wameyaaga.

Mei mtihani wa taifa hukamilika. Muda mfupi baadaye majina ya wanaotakiwa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) hutangazwa, mafunzo kwa mujibu wa sheria yakiwa yamerejeshwa 2013 baada ya kusimama tangu 1994, na vijana wa Uru hupanda mabasi stendi ya Moshi kwenda Oljoro, Mafinga au Bulombora. Siku ya kwanza kambini hupangwa foleni, sahani mkononi. Makuruta wengine huchungulia sufuria na kuguna. Aliyetoka Uru hunyoosha sahani, humwamkia mpishi, na kuomba achotewe kutoka chini.