Misingi ya Ulalogari

Ulalogari ni taaluma inayochunguza namna binadamu mwenye kipato cha kawaida na matumaini yasiyo ya kawaida anavyoweza kusafiri masafa marefu ndani ya gari dogo la abiria, akala humo, akalala humo na akaamka humo, bila kulipia gesti na bila kumpigia hodi ndugu yeyote. Istilahi yenyewe imeundwa kwa kuunganisha kitenzi lala, kilichobadilishiwa irabu ya mwisho kuwa o, na nomino gari, kisha ikatanguliziwa kiambishi u- cha dhana dhahania, na imekusudiwa kuziba pengo ambalo wanaisimu, kwa sababu wanazozijua wenyewe, waliliacha wazi. Mwasisi wa taaluma hii, ambaye katika mhadhara huu atatajwa kwa jina la Mtaalamu pekee, ni mtu mnyenyekevu asiyependa kujitangaza, na ndiyo maana kadi zake mia mbili zenye jina na vyeo hazina picha.

Historia ya ulalogari, kama historia nyingine zote zenye uzito, inaanza mwaka 1967. Katika mwaka huo lilitangazwa Azimio la Arusha, lililohimiza kujitegemea. Katika mwaka huohuo sheria ya Bunge iliunda Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA. Na katika mwaka huohuo, huko Japani, kampuni ya Toyota ilitoa kwa mara ya kwanza gari liitwalo Hiace. Asiyesoma huona hapo sadfa tatu zisizojuana. Mtaalamu humwona mtu mmoja tu, mwenye ari ya kujitegemea, mwenye gari la kulala, anayesubiri Baraza limpe neno, na hushangaa kwamba neno hilo lilichelewa zaidi ya nusu karne hadi yeye mwenyewe alipolitunga, akiwa amejilaza kwenye kiti cha nyuma.

Ipo hoja, inayotolewa hasa na wivu, kwamba Wazungu walitangulia. Ni kweli kwamba Mholanzi Ben Pon alichora mwaka 1947 mchoro wa gari lenye umbo la boksi, na kwamba kuanzia mwaka 1950 Volkswagen iliunda gari lililotokana na mchoro huo, ambalo Afrika Mashariki ililijua kwa jina la kombi, kifupi cha neno refu la Kijerumani, Kombinationskraftwagen, lenye maana ya gari la matumizi mchanganyiko. Ni kweli pia kwamba mwandishi John Steinbeck alilizunguka taifa la Marekani mwaka 1960 kwa gari lililobebeshwa chumba mgongoni, akaliita Rocinante kwa heshima ya farasi wa Don Quixote, na akasafiri na mbwa wake, Charley. Hata hivyo, Steinbeck hawezi kuhesabiwa miongoni mwa wanataaluma, kwa kuwa kulala na mbwa ni jambo jepesi. Mtaalamu alisafiri na shemeji yake. Mbwa hachangii mafuta, na shemeji naye hakuchangia, lakini mbwa hamuulizi mtu kila baada ya kilomita 40 kwa nini hawakupanda basi.

Chombo kinachofaa ni kile ambacho Dar es Salaam imekiita kipanya, yaani Hiace iliyozeeka katika kazi ya daladala, na jina hilo lina falsafa ndani yake, kwa sababu panya ni mnyama anayeishi popote bila mkataba wa kupanga. Upana wa nje wa kipanya cha kawaida hauzidi mita 1.7, kipimo ambacho sheria za Japani zimeyawekea magari ya daraja dogo, na ukitoa unene wa milango na mbavu za bodi, ndani hubaki takribani mita 1.5. Mtaalamu aling'oa viti vya nyuma na kupata sakafu yenye urefu wa mita 2 kwa upana wa mita 1.5, kisha, akiongozwa na nadharia ya Pythagoras, akabaini kwamba mshazari wa sakafu hiyo, yaani mstari unaotoka pembe moja hadi pembe inayotazamana nayo, una mita 2.5 kamili bila kipande cha sentimita kupotea. Usahihi huo ulimgusa sana, naye akaamua kulala juu ya mshazari. Uamuzi huo uliigawa sakafu katika pembetatu mbili, na shemeji akapewa moja, alale akiwa amejikunja pamoja na begi lake, mtungi wa kuzimia moto na ile pembetatu nyingine, nyekundu, ambayo sheria humtaka kila dereva awe nayo. Swali la kwa nini Mtaalamu, mwenye urefu wa mita 1.74, asingelala tu kwa urefu wa gari ili watu wawili wapate sentimita 75 kila mmoja, liliulizwa usiku wa kwanza, na likaamuliwa kuwa ni swali la mtu asiye na usuli wa hisabati.

Godoro ni la inchi 4, na hukatwa kwa kisu cha mkate ili lipishe matuta mawili ya magurudumu yanayochomoza ndani. Mapazia ni khanga. Hapa taaluma inahitaji uangalifu, kwa kuwa khanga ina jina, yaani yale maandishi yanayopita juu ya pindo lake la chini, na jina hilo likining'inizwa dirishani husomwa na watu walio nje wakati aliye ndani anauona upande wa nyuma tu. Mtaalamu alichukua khanga ya mkewe bila kuisoma, na kwa siku sita wasafiri wa barabara kuu ya kusini walipishana na gari lililotangaza kwa herufi kubwa MNANISEMA MCHANA USIKU MNALALA WAPI, jambo linaloweza kueleza kwa nini askari wa usalama barabarani walilisimamisha mara nyingi kuliko magari mengine.

Kuhusu pumzi, elimu iko wazi. Mtu aliyelala hutoa mvuke kwa kila pumzi, na mvuke huo unapogusa kioo kilichopoa hugeuka matone, hivyo watu wawili waliofunga vioo vyote katika baridi ya Mafinga au Makambako mwezi Juni huamka paa likiwadondoshea maji usoni, wakadhani kumenyesha ndani. Dawa yake ni kuacha kioo wazi kiasi cha vidole viwili, na dawa ya mbu watakaoingia kwa vidole viwili hivyo ni chandarua kilichofungwa kwenye vishikio vya abiria. Jiko la mkaa halipaswi kuingizwa garini hata likionekana limezimika, kwa sababu mkaa unaofukuta hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayomuua aliyelala kabla hajajua kwamba anaumwa. Juu ya jambo hili Mtaalamu hafanyi mzaha, na shemeji hakubisha.

Maabara ya taaluma ilikuwa ni barabara ya kutoka Dar es Salaam hadi Mbeya, yenye urefu wa takribani kilomita 830, inayopita Chalinze, Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni, Iringa na Makambako. Kwa mlalagari, yaani mtendaji wa ulalogari, barabara hiyo ni mtihani wa mahali pa kusimama. Mikumi, iliyotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1964, imepasuliwa katikati na lami, na kwa takribani kilomita 50 dereva hutakiwa kwenda polepole huku swala wakimtazama, lakini hapo si mahali pa kutandika godoro, kwa kuwa hifadhi ina wakazi wake wasiotambua umuhimu wa utafiti. Mlima Kitonga, wenye kona zinazojikunja juu ya bonde, huyafundisha malori unyenyekevu na vipanya elimu ya rejeta, na kipanya cha Mtaalamu kilichemsha katika kona ambayo hapakuwa na nafasi hata ya kuwekea ile pembetatu, ambayo hata hivyo ilikuwa chini ya shemeji.

Huduma za mwili zina istilahi yake, kuchimba dawa, ambayo abiria wa mabasi ya mikoani wanaijua vizuri: kondakta hutangaza, basi husimama penye vichaka, wanaume huelekea upande mmoja na wanawake upande mwingine, na hakuna anayerudi na mzizi. Mtaalamu amependekeza istilahi mbadala yenye silabi kumi na moja. Haijapokelewa.

Usiku ulitumika katika vituo vya mafuta, ambavyo watu huviita sheli bila kujali ni vya kampuni gani, kwa sababu vina taa, choo na mlinzi. Mlinzi ndiye kikwazo kikubwa cha ulalogari nchini, wala si kwa ukali wake. Katika kila kituo alikuja, akamulika tochi, akasalimia kwa adabu, akauliza gari limeharibikaje, akaambiwa halijaharibika, akauliza kama wasafiri wamefiwa, akaambiwa hapana, kisha akauliza, kwa sauti ya chini kama anayegusa jeraha, kama basi hawana ndugu Iringa. Jamii iliyolelewa kwa methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, inaona kwamba mgeni ana haki ya siku mbili, na mtu anayezikataa siku zote mbili ili alale kwenye maegesho ama ana deni, ama amefukuzwa na mkewe, ama anaviziavizia pampu. Mtaalamu alimpa mlinzi elfu mbili ya chai ili amuepushe na fikra hizo, na malipo hayo yakaandikwa daftarini chini ya kichwa cha habari Ushirikiano na Wadau.

Daftari hilo ndilo fahari ya taaluma. Ikichukuliwa kwamba kipanya kinakula lita 12 kwa kila kilomita 100, na kwamba lita moja ni shilingi 3,000, mafuta ya kwenda Mbeya yanafika karibu shilingi 300,000, na kurudi ni mengine kama hayo. Fedha hizo ziliitwa uwekezaji. Godoro, ndoano, taa ya kuchaji na rejeta iliyozibwa Ilula viliitwa miundombinu. Faini mbili za shilingi 30,000 kila moja, zilizotokana na tochi, yaani kile kifaa cha trafiki cha kupimia mwendo mahali ambapo mwisho ni kilomita 50 kwa saa, ziliitwa ada ya mafunzo. Upande wa pili wa ukurasa iliandikwa akiba: siku sita za gesti ya shilingi 20,000, jumla shilingi 120,000, ikapigiwa mistari miwili kwa kalamu nyekundu. Nauli ya basi ya watu wawili haikuingizwa popote, kwa kuwa basi si gari dogo la abiria na kwa hiyo liko nje ya mipaka ya utafiti. Shemeji aliiingiza kwenye simu yake, akaitazama kwa muda, akaizima simu.

Ni lazima itajwe pia, kwa ajili ya uadilifu wa kitaaluma, kwamba wapo waliowahi kulala garini kabla ya taaluma kuwepo. Kwa miaka mingi, hadi mwaka 2023, mabasi ya mikoani ya Tanzania hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, na abiria walioshindwa kufika walikolenga walilala vitini, stendi ya mji ambako giza liliwakuta, mtoto mapajani na kuku chini ya kiti. Madereva wa malori yanayoelekea Tunduma hulala kwenye kebini foleni inapogoma kusogea, na utingo, yaani msaidizi wa dereva, hutandika turubai chini ya trela, akapika ugali kwenye jiko linalokaa katika sanduku la vifaa, akafua shati na kulianika kwenye kioo cha pembeni. Mtaalamu amewaweka watu hawa katika kundi la watendaji wasio na nadharia, na ametenga kwa ajili yao tanbihi moja.

Ilitokea Makambako, saa kumi na moja alfajiri, kwamba kipanya kilikataa kuwaka, kwa sababu feni, redio na simu mbili vilikuwa vimenyonya betri usiku kucha. Utingo mmoja, aliyekuwa amejifunika blanketi la cheki, alitoka chini ya trela la jirani akiwa na nyaya mbili. Mtaalamu alimzuia, akamfahamisha kwamba lori hutumia volti 24 na kipanya volti 12, na kwamba jaribio hilo lingeunguza kila kitu. Utingo alimsikiliza hadi mwisho, akafungua kifuniko cha betri za lori, ambazo ni mbili za volti 12 zilizofuatanishwa, akaunga nyaya kwenye moja tu, na kipanya kikawaka. Kisha, akiwa anakunja nyaya zake, akauliza:

"Kwani mzee, gesti zimejaa?"

Mtaalamu alishuka, akaweka vizuri koti lake, akaanza na kitenzi lala, akapita kwenye nomino gari na kiambishi cha dhana dhahania, akaelekea mwaka 1967. Alipofika kwenye asili ya Kijerumani ya neno kombi, lori lilikuwa limekwisha toka kwenye maegesho, na shemeji alikuwa amekaa mbele, ndani ya kebini, kati ya dereva na utingo, begi likiwa mapajani.