Namna ya Kujipima Maradhi ya Wasiwasi Bila Kumsumbua Daktari

Umesikia kuna maradhi ya mawazo yanayong'ang'ania kichwani na vitendo visivyoisha kurudiwa, nawe unataka kujua kama unayo. Fuata hatua hizi. Hutakosa kupotea.

Kwanza, angalia viatu. Vikiwa vimepangwa safu mlangoni, jitangaze mgonjwa. Asikwambie mtu kwamba mpenda usafi hufurahia kusafisha, ilhali mgonjwa husafisha kwa hofu, akimaliza anaanza upya.

Pili, tafuta fomu ya Y-BOCS, iliyochapishwa mwaka 1989 na Wayne Goodman na wenzake huko Marekani. Ina maswali 10, kila moja alama 0 hadi 4, jumla 40. Ilitungwa ili mtaalamu amhoji mgonjwa na kupima ukali wa maradhi yaliyokwisha kutambuliwa. Wewe ijaze peke yako kitandani, kama mtihani wa darasa la saba.

Tatu, ukiulizwa muda unaopotea kwa siku, jibu "kidogo tu". Usihesabu udhu unaourudia hadi imamu anatoa salamu, wala safari za kushuka daladala kurudi kutazama kufuli. Wataalamu hushtuka mambo haya yakila zaidi ya saa moja kwa siku, au yakivuruga kazi na kuleta dhiki. Usiwashtue.

Nne, ficha yote ya aibu. Mama anayejiwa na picha ya kumdhuru mwanawe mchanga, hata akaogopa kushika kisu, anyamaze kabisa. Akisema, atagundua kwamba wahudumu wameshayasikia mengi ya namna hiyo, na kwamba kuwa na wazo asilolitaka si kuwa na nia mbaya.

Tano, ukipata alama 16, jaza fomu tena kuhakikisha. Kisha tena. Mwamshe na mwenzako usiku akuhakikishie kwamba umehesabu sawa. Maradhi haya hunenepa kwa uhakikisho. Usiulize habari za tiba ya kuikabili hofu hatua kwa hatua bila kurudia kitendo, wala za dawa kama fluoksetini na setralini.

Ukiukaidi mwongozo huu, shauri yako: utaishia kwa mtaalamu wa afya ya akili, umweleze ukweli wote, na huenda ukapata nafuu.