Twiga Wanajua Kusimama

Anayetaka picha ya twiga aende Bour-Algi, pale karibu na mji wa Garissa. Twiga wa hifadhi ile ya jamii wana adabu. Wamewazoea wachungaji na mbuzi wao. Unapofika wanakutazama tu, huku wakitafuna majani ya mgunga. Mgeni anabofya, anarudi mjini kula nyama ya ngamia.

Mimi nalala kifudifudi mchangani, jua linanichoma kisogo, nambembeleza nzi atulie. Nabana pumzi. Nasogeza simu. Nabofya, naye keshaondoka. Nina picha safi sana za mavi ya ngamia.

Mbawakawa wa mavi ana nafuu kidogo, maana yuko kazini. Amelikata donge lake, kichwa kakiinamisha, analisukuma kinyumenyume kwa miguu ya nyuma. Juzi nilimpata mmoja vizuri, hadi vinywele vya miguuni vinaonekana na vumbi mgongoni. Mara mzee akatokea na mbuzi wake.

"Warya, mwalimu, umeangusha nini?"

"Sijaangusha kitu, mzee. Nampiga picha huyu mdudu."

Akamtazama mdudu, akanitazama mimi, kisha akawatazama twiga waliokuwa nyuma yangu.

"Serikali inakulipa?"

Kabla sijajibu, mbuzi walikwisha kupita juu ya donge.

Tuseme basi picha imetoka. Kumjua ni nani sasa! Unaiweka kwenye programu ya simu inayojidai kujua kila kiumbe, inazunguka weee, halafu inakujibu: "Nzi." Ahsante sana. Ukiwauliza wataalamu, wanataka mishipa ya bawa, wanataka na malaika ya mgongoni. "Ungempiga ubavuni pia." Nani atamwambia nzi ageuke?

Mvua zikinyesha majirani nao hunikumbuka. Taa ikiwaka usiku anaingia yule mwembamba, mwekundu na mweusi, nzi wa Nairobi, ambaye kwa kweli ni mbawakawa: mabawa yake kayakunja chini ya vifuniko vifupi. Mtu akimponda shingoni, kesho yake ngozi imebabuka kama aliyemwagiwa chai ya moto. Hapo ndipo naitwa mbio, nije nimpige picha mdudu aliyekwisha kupondwa.

Lakini linaloniuma hasa ni lile la Ukasi, kilima kilicho kando ya barabara yetu ya kwenda Nairobi. Mwamba wake una ufa, ndani ya ufa mna popo, na kwenye mavi ya popo anaishi Mormotomyia hirsuta, mmoja wa nzi adimu kabisa duniani. Ana manyoya mwili mzima, ungedhani ni buibui. Alipatikana 1933, mtaalamu Austen akamwelezea kisayansi 1936, akaonekana tena 1948, kisha kimya hadi Desemba 2010, Robert Copeland wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, na mwenzake Ashley Kirk-Spriggs walipomkuta. Mabawa yake ni vijipande tu. Haruki! Nzi asiyeruka, mimi ninayehangaika hivi, na basi linampita bila hata kupunguza mwendo.

Nikamwomba kondakta anishushe Ukasi.

"Kuna nini Ukasi, mwalimu?"

"Nzi."

Akawageukia abiria, akanigeukia mimi. "Kwani wa Garissa mmewamaliza?"