Gari Letu, Mipira Yangu

Pikapu yangu ikitembea, ni gari letu. Ikigoma, ni gari la Mwalimu. Sheria hii haijaandikwa popote, lakini hapa Nangina kila mtu anaifuata, kuanzia katekista hadi watoto wa darasa la kwanza. Gari letu ndilo hubeba saruji kutoka Funyula, viti vya harusi, nguruwe wa shemeji, mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane akiwahishwa hospitali ya misheni, na Ijumaa ikifika hubeba jeneza na waombolezaji wengi kuliko springi zinavyoruhusu. Gari la Mwalimu hukaa chini ya mwembe, boneti wazi, na wapita njia huuliza, "Mwalimu, gari lako bado?" huku wakiharakisha ili wasisikie jibu lenye neno mchango.

Ni Hilux ya petroli ya miaka ya 1980, ya kabureta, namba yake ya enzi za kabla ya KAA. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, hapo ng'ambo, iliamua mwaka 2018 kukataa yaliyotimiza miaka 15. Langu lingezaliwa upya leo na umri wake huo lingekosa pa kuingilia, afadhali liliwahi.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Barabarani linavuta, si haba, lakini ukiondoa mguu kwenye mafuta, silensa hakuna. Linapanda, linashuka, linatetemeka, linazima. Na lina tabia ya kuzimia Funyula sokoni, juu ya tuta, siku ya soko, mbele ya wanafunzi wangu wa zamani ambao sasa ni watu wazima wenye maoni. Chini ya boneti kulikuwa na sauti ya kufoka, ssss, isiyoisha.

Petroli ndiyo iliyoshtakiwa kwanza. Halafu plagi. Halafu kabureta, kwa sababu hapa kila kijana wa boda boda aliyewahi kusugua kabureta ya pikipiki yake kwa mswaki anajihesabu mtaalamu, na kabureta ya Hilux kwake ni ileile, imenenepa tu. Jirani mmoja, mtu wa heshima zake, alinivuta kando akaninong'oneza kwamba gari limefungwa, na kwamba anamfahamu mzee ng'ambo ya Mto Sio anayefungua. Nikamuuliza mzee huyo hulipwa nini. Akasema halipwi, ila hutaka afuatwe na kurudishwa kwa gari.

Fundi niliyemwita mwishowe hakugusa kabureta. Alichukua kipande cha hozi, upande mmoja akautia sikioni, wa pili akaupitisha polepole juu ya injini. Sisi tunaoishi jirani na hospitali tunaijua ishara hiyo. Umati ukanyamaza. Mama mmoja akauliza kama litapona.

"Ni mipira ya vakyumu, Mwalimu," fundi akasema. "Imekauka yote."

Ikabidi nitoe somo, maana waliohudhuria walikuwa wengi na hakuna aliyekuwa na haraka. Injini ya petroli hupumua kwa kufyonza. Pistoni zikishuka zinavuta hewa. Ukiondoa mguu kwenye mafuta, kile kibamba cha ndani ya kabureta kinajifunga, nazo pistoni zinaendelea kuvuta na cha kuvuta hakipo. Humo ndani ya manifoldi hewa inabaki haba, na Wajapani, watu wasiotupa kitu, wakaona nguvu hiyo ya kufyonza ipewe kazi. Mpira mmoja mwembamba unaipeleka kwenye distribyuta ili moto wa plagi uwahi. Mwingine mnene unaipeleka kwenye buster ya breki, ili mguu wa mstaafu kama mimi uweze kusimamisha chuma chote kile pamoja na waombolezaji. Mwingine unarudisha mvuke wa oili injini iuchome. Sasa mpira ukipasuka, hewa isiyohesabiwa na kabureta inapenya, petroli inakuwa chache kuliko inavyotakiwa, na injini inaanza kuweweseka.

Katekista akainua mkono. "Kwa hiyo, Mwalimu, mpira huu unabeba nini?"

"Haubebi kitu."

"Na usipokibeba hicho kisichokuwepo, gari linasimama?"

Nikamweleza habari za Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg huko Ujerumani, ambaye katika karne ya 17 aliunganisha mabakuli mawili ya shaba, akaondoa hewa iliyokuwemo kwa pampu, farasi wakafungwa upande huu na upande huu, wakavuta wakashindwa kuyatenganisha. Katekista alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama walijaribu ng'ombe wa plau.

Jirani mwenye pikapu ya dizeli alikuwepo pia, mikono mfukoni, akitangaza kwamba yeye hana shida hizi za mipira. Ni kweli kwamba dizeli za namna yake hazina kile kibamba, kwa hiyo manifoldi haifyonzi kwa nguvu ya kutosha; ndiyo sababu zimewekewa pampu ya vakyumu nyuma ya oltaneta kwa ajili ya breki. Nilimpeleka kwenye gari lake, nikamwonyesha pampu, na mpira unaotoka humo, na nyufa zilizo kwenye mpira huo. Tangu hapo ananisalimia kwa mbali.

Kazi ikaanza, na hapo ndipo nilipoisoma historia ya gari langu. Kwenye mpira wa distribyuta alikuwemo mgeni: kile kimpira cha vavu ya baiskeli. Penye ufa mwingine mtu alizungusha utepe wa tyubu na kuukaza kwa waya wa kufungia nondo. Mpira mmoja haukwenda popote. Ulikuwa umezibwa kwa msumari wa inchi sita, msumari mzima, na ulikuwa umeshika sawasawa. Mwingine ulikuwa wa plastiki inayoonyesha ndani, ule wajenzi hujazia maji kupima usawa wa ukuta. Huo ukipata joto la injini unalegea, ukifyonzwa unajikunja na kuziba, kwa hiyo gari linaugua likiwa moto na kupona likipoa, na mwenye gari anaonekana mwongo mbele ya fundi kila asubuhi. Na katikati, mahali mipira miwili ilipokatika, waliunganisha kwa gamba la kalamu. Jekundu. Niliitambua kalamu yangu ya kusahihishia. Fundi wa zamani aliniomba aandikie risiti, akaondoka nayo, nami nikawalaumu watoto wa watu.

Mipira mipya niliifuata Busia. Duka la kwanza walinipa kabureta nzima. Nikasema nataka mpira, wakasema kabureta inakuja na mpira. La pili walinikatia mpira wa tangi la maji. La tatu kijana aliniuliza gari la mwaka gani, nilipomjibu akamwita mwenzake waje wacheke pamoja, akasema, "Baba, hilo si wewe tu umebaki nalo?" Nikavuka kwa miguu. Kile kituo cha pamoja cha mpakani, ambacho marais wa nchi mbili walikuja kukizindua mwaka 2018, kinasaidia matrela. Mwenye miguu huvuka akitafuta kivuli. Upande wa Uganda, mama mmoja alikuwa na maroli ya mpira mweusi wa kweli, mzito, wa milimita 3, 4 na 6, akiukata kwa futi ya seremala. Bei yake kwa maelfu ya Uganda ilinishtua, mpaka nilipoibadili nikaona mita moja haifikii bei ya gorogoro la omena.

Fundi ana sheria yake: unang'oa mmoja, unaweka mmoja. Hakuna kung'oa yote kwa pamoja, maana mchoro uliobandikwa chini ya boneti ulishafutika, na vichwa vya kuchomekea viko vingi na vyote vinafanana. Mwanafunzi wake alikuwa amekwisha kung'oa miwili kwa furaha ya ujana kabla hajapigwa kofi la mkono. Tena mpira mkavu hauvutwi. Unapasuliwa kwa wembe ubavuni, ukafunuliwa, kwa kuwa kichwa cha plastiki cha umri ule ukikivuta kinakatika, na hapo utaitafuta spea mpaka Grogan, Nairobi.

Tulipomaliza, fundi akaazima geji. Kitabu kinasema injini nzima isome kati ya inchi 17 na 21 za zebaki. Mshale wetu ukasimama kwenye 15, umetulia kabisa, na umati ukaanza kunipa pole. Kitabu kiliandikiwa watu wa usawa wa bahari, jamani. Kila ukipanda futi 1,000 unapoteza kama inchi moja, na sisi hapa tuko kwenye futi 4,000 hivi. Jumlisha. Hakuna aliyejumlisha, na wengine niliwafundisha hesabu mimi mwenyewe.

Silensa ikarudi. Kufoka kukaisha, isipokuwa kwa mbali, upande wa breki. Mpira ule mnene wa buster, pamoja na vavu yake ya kuruhusu upande mmoja tu, hatukuubadilisha kwa sababu pesa ziliishia kwenye nauli. Fundi akanionya: huo ukiachia, pedali inakuwa ngumu kama jiwe, na barabara ya kushuka kutoka vilima vya Samia haitasubiri mtu aombe. Basi nikatangaza kwamba hapandi mtu, nguruwe wala maiti, mpaka mpira wa breki upatikane, na kwa kuwa gari ni letu, mchango uwe wetu. Katekista alitoa sala. Mwenye dizeli alituma ushauri. Mama mkwe wa jirani, ambaye hata hapandi gari kwa sababu linamtapisha, alileta kuku.

Kuku nilimuuza Funyula, mpira nikaununua, umefungwa. Mama wa watu sasa amevumilia kichefuchefu chake, anadai kiti cha mbele, na anataka dirisha lishushwe, dirisha ambalo halijashuka tangu lile gari lilipokuwa na redio.