Sauti ya Nne Imeenda Wapi?

Aliyebuni ngozi bandia hakuwahi kukaa Voi. Hapa jua huripoti kazini mapema kuliko karani yeyote, na vumbi letu, lile lile linalowageuza ndovu wa Tsavo kuwa wekundu, halibishi hodi. Ngozi bandia ni kitambaa tu kilichopakwa plastiki iitwayo poliyurethani, nayo ina maadui wawili, joto na unyevu. Joto tunalo la kugawa. Unyevu kila mtu anakuja na wake, kwa jina la jasho. Jasho likishazoea kuingia, tabaka la juu huachana na kitambaa na kuanza kutoka magamba.

Na magamba ya mito ya hedifoni hayadondoki chini. Yanahamia usoni.

Kazi yangu ni kurekodi kwaya. Chumba changu kiko mahali ambapo trela za barabara ya Mombasa husikika usiku na mchana, ndiyo maana natumia hedifoni zilizozibwa nyuma. Kikombe chake hakina matundu, kelele nyingi za nje hubaki nje, na muziki anaousikia mwimbaji hauvuji ukaingia tena kwenye maikrofoni. (Wapo wanaosema treni ya SGR haina kelele. Wanakaa Nairobi.)

Basi Jumapili moja nikatoka kazini nikaenda kanisani moja kwa moja. Shangazi, ambaye ndiye kiongozi wa sauti ya kwanza, akaniita pembeni. "Hebu njoo, mwanangu." Akalowesha ncha ya leso kwa mate, akanisugua shavu mbele ya wazee wa kanisa, mimi mtu mzima na ndevu zangu. Gamba la kwanza likatoka. La pili likahamia puani. Kufika wakati wa matangazo, nyuma yangu watu wawili walikuwa wakibishana kama ni choa au ukurutu, na mama mmoja akaahidi kuniletea majani ya mwarobaini. Aliyaleta kweli. Nikayaoga, maana nilijua ataulizia.

Aibu ya usoni huisha. Lililonikosesha usingizi ni kwamba kwaya yenyewe ilikuwa inakonda. Wimbo niliourekodi ukiwa umeshiba sasa ulitoka mwembamba, wanawake wamejaa tele, na wanaume wa sauti ya nne, wenye besi, utadhani walishuka Mackinnon Road.

Mto wa hedifoni ya aina hii watu huudhani ni starehe ya sikio, kumbe ndio ukuta wa chumba. Kispika cha ndani ni kidogo, mara nyingi kipenyo chake ni milimita 40 hivi, wala hakina nguvu ya kusukuma hewa nyingi. Besi husikika kwa sababu hewa iliyofungiwa kati ya kispika na sikio haina pa kutorokea, hivyo hata msukumo mdogo hufika. Ukitokea mwanya, kama ule ulioachwa na magamba yangu, uwe mwembamba namna gani, besi hupitia hapo, kwa kuwa mawimbi yake ni ya polepole na hewa hupata wakati wa kutoka. Sauti za juu zina haraka, hazisubiri mlango ufunguliwe. Aliyewahi kujaza baiskeli upepo kwa pampu iliyochanika ngozi ya ndani anaijua hali hiyo: unasukuma, unatoka jasho, na gurudumu limelala pale pale.

Nikaingia mjini kutafuta mito mipya. Duka la kwanza wakaniuliza ni ya simu gani. La pili wakanitolea mto wa shingo, ule wa wasafiri. Ikabidi niagize Nairobi, mzigo uje na basi la usiku. Taabu ya Voi ni kuwa katikati ya safari: kila basi linapita, lakini si kila basi linakumbuka. Kondakta alipitiwa na usingizi, mzigo wangu ukalala Mombasa na kurudi kesho yake ukiwa umeiona bahari, safari ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimejaliwa mwaka huo.

Ndani mlikuwa na mito ya mahameli. Masikio yalishukuru. Mahameli hupitisha hewa, jasho linakauka, mtu anaweza kufanya kazi adhuhuri ya Voi bila kujiona kiazi sufuriani. Lakini kinachopitisha hewa hupitisha na besi.

Mjomba wangu ndiye nguzo ya sauti ya nne. Akikuambia habari za asubuhi, vikombe hutikisika kabatini. Alikuja kusikiliza, akafumba macho wimbo mzima, akavua hedifoni, akaniuliza kwa upole unaotisha: "Mimi siku hiyo sikuja?"

Nikamweleza habari za mahameli. Akasema katika maisha yake amewahi kunyamazishwa na mwalimu, na chifu, na marehemu mama yake, ila kwa kitambaa hii ndiyo mara ya kwanza.

Mahameli nayo haistahili lawama zote. Beyerdynamic, kampuni ya Kijerumani iliyoanzishwa Berlin mwaka 1924, ina hedifoni zake zilizozibwa, DT 770 Pro, zinazojulikana sana kwa mito yake ya mahameli ya kijivu, na besi yake haina njaa hata kidogo. Siri ni kwamba waliounda kikombe kile walikipigia hesabu pamoja na kitambaa chake. Vikombe vyangu vilipigiwa hesabu ya ngozi. Nilimweleza Mjomba haya yote kwa utaratibu. Akauliza hao Wajerumani wanaimba sauti ya ngapi.

Halafu akanishika mkono hadi kwa fundi wa viti vya matatu. Fundi alikipima kikombe kwa kidole gumba, akacheka, akasema hajawahi kushona kiti cha abiria mdogo hivi. Akakata ngozi bandia nzito nyekundu, akaipiga uzi mweupe, akajaza sponji ya godoro. Kwa ukarimu wake akaongeza na kitambaa kizito mbele ya kispika, vumbi lisiingie.

Besi ilirudi, tena ikaja na jamaa zake. Mito ilikuwa minene, ikaziba kila upenyo, Mjomba akajisikia mpaka kifuani. Kwa upande wa pili, tundu la katikati lilikuwa jembamba, kile kitambaa cha vumbi kikameza sauti za juu, na unene wenyewe ulikuwa umekisogeza kispika mbali na sikio, jambo ambalo peke yake hutosha kuivuruga sauti. Kila "s" ilipoteza makali. Shangazi akataka kujua ni nani aliyewatia kina mama guniani. Na baada ya nusu saa mashavu yangu yalinuka gari la Mwatate saa saba mchana, abiria kumi na wanne na mbuzi.

Mito niliyo nayo sasa ni ya sponji ile inayobonyea polepole na kurudi polepole, imevishwa ngozi bandia laini. Hapa Voi ilituletea amani. Kisha tukaalikwa kurekodi Wundanyi.

Mgeni wa Taita Taveta hudhani kaunti nzima ni joto na mkonge. Wundanyi iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai ukungu huingia kanisani kabla ya waumini. Sponji ile hulainika kwa joto na kukakamaa kwa baridi. Voi ukiivaa tu inalifuata taya lilivyo. Kule Wundanyi ilikaa juu ya shavu na ugumu wake, ikaacha upenyo nyuma ya sikio, na sauti ya nne ikateremka mlimani peke yake. Ikabidi niikumbatie hedifoni chini ya sweta, nimeinama, nimefumba macho, mpaka ipate joto. Mchungaji akadhani naomba. Akaniwekea mkono kichwani na kuniombea kwa muda mrefu. Alipomaliza, sponji ilikuwa tayari.

Siku ya kusikiliza kazi iliyokamilika wakaja wote wawili. Shangazi akaivaa hedifoni juu ya kilemba. Kitambaa kikikaa chini ya mto, hewa ina njia, besi inapungua, na sauti ya kwanza inabaki imesimama peke yake. "Hapo sasa," akasema. "Usiguse kitu." Mjomba akaivaa juu ya miwani yake, ile yenye mikono minene. Wimbo ule ule, mashine ile ile. Akaniuliza tena kama siku hiyo alikuja.

Nikamwomba avue miwani.

"Kwani mimi nasikia kwa macho?"

Wakaanza kubishana, huyu akisema wimbo umekamilika, yule akisema umeibwa. Katikati ya ubishi Mjomba akavua miwani afute jasho, hedifoni zikiwa bado kichwani, na uso wake wote ukabadilika. Akairudisha. Akaivua. Aliendelea hivyo beti zote zilizobaki, akijitoa kwenye kwaya na kujirudisha, akitabasamu peke yake. Shangazi naye aliombwa ajaribu bila kilemba. Alimtazama aliyeuliza, na ombi hilo halikurudiwa.

Sasa Mjomba ameichukua mito na kuipeleka kwa yule fundi wa viti, ichongwe kifereji kwenye sponji ambamo mkono wa miwani utazama bila kuacha mwanya. Fundi anasema hiyo ni kazi ndogo, bei tutaelewana. Ameuliza jambo moja tu: jina la kwaya lishonwe ubavuni kwa uzi mweupe, au tunataka wa manjano unaong'aa usiku?