Usajili wa Connecticut, Tawi la Shirimatunda

Dirisha la usajili likifunguliwa, nchi nzima hugombana juu ya Simba na Yanga. Shirimatunda, hapa Moshi, nako tunagombana, tusije tukaonekana si Watanzania. Ila kwenye kibanda kimoja cha kinyozi kuna tawi la timu ya tatu, tawi lisilo na kadi wala mwenyekiti, na ambalo timu yenyewe haijui kama lipo. Ni tawi la mpira wa kikapu la Chuo Kikuu cha Connecticut, kule Marekani. Wanatawi ni kinyozi mwenyewe, fundi cherehani wa mlango wa pili, mwalimu mstaafu tunayemwita Ticha, Mangi wa duka la jirani anayefika kahawa ikishamiminwa na kuondoka pale anayeidai anapotokea, pamoja na mimi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kufika Connecticut. Mangi aliwahi kufika Mombasa, na hilo hutukumbusha kila ubishi unapomzidi.

Aliyetuingiza katika mambo haya ni Hasheem Thabeet. Mtoto wa Dar es Salaam, kazaliwa 1987, kasoma Makongo, kaanza kushika mpira wa kikapu akiwa kijana mkubwa tayari, akavuka kwenda kumalizia sekondari Houston, na mwaka 2006 Connecticut wakamchukua. Urefu wake futi saba na inchi tatu. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye NBA, akaenda Memphis, Mtanzania wa kwanza kufika huko. Wa kwanza mwaka ule alikuwa Blake Griffin. Wa tatu alikuwa James Harden, na Stephen Curry alisubiri mpaka wa saba. Orodha hiyo kinyozi anaisoma kwa kichwa, anaishia kwa Thabeet wa pili, na ukimwuliza hao waliofuata walifanya nini baadaye anawasha mashine usisikie jibu.

Thabeet alikaa chuoni misimu mitatu akaondoka. Sisi tulibaki. Mwanafunzi wa kawaida anamaliza kwa miaka minne. Tawi letu linaelekea mwaka wa ishirini, na hata mtihani wa kujaribu halijafanya.

Kila wachezaji wapya wakitangazwa, kazi ya kwanza ni kumwelewesha Ticha. Maana siku hizi mchezaji wa chuo kule anahama chuo kimoja kwenda kingine anavyotaka, hata kila mwaka, na akifika anacheza hapo hapo. Isitoshe, tangu Julai 2021 anaruhusiwa kulipwa kwa ajili ya jina lake na sura yake. Kwa msimu wa 2025/26 Silas Demary katoka Georgia, Malachi Smith katoka Dayton. Ticha, ambaye enzi zake alikuwa akirudisha mzazi nyumbani kwa sababu muhuri umekaa upande, hakubali.

“Barua ya uhamisho iko wapi?”

“Hakuna barua, Ticha.”

“Afisa elimu wa wilaya amesaini wapi?”

“Huko hakuna afisa elimu wa wilaya kwenye jambo hili.”

“Basi ada nani anamlipia?”

“Halipi. Yeye ndiye anayelipwa.”

Ticha alikunywa kahawa yake mpaka kwenye machicha, kisha akauliza kama kidato cha kwanza bado wanapokea watu wa umri wake.

Ubishi mkubwa lakini si wa fedha, ni wa urefu. Sisi kila mchezaji mpya tunampima kwa Thabeet. Kwa msimu wa 2025/26 walimleta Mjerumani, Eric Reibe, futi saba na inchi moja. Tawi likatoa uamuzi kabla hajagusa mpira: kapungukiwa inchi mbili. Donovan Clingan wa juzi hapa alikuwa na futi saba na inchi mbili, naye tukasema ni mzuri, sema kapungua inchi moja. Makombe mawili aliyochukua hayakumwongezea kitu.

Sasa siku moja Mangi, ambaye kati yetu ndiye mfupi kuliko wote, akasema futi saba na inchi tatu ni maneno tu ya magazeti, hakuna binadamu wa hivyo. Fundi cherehani akaleta futi yake ya kitambaa. Futi ya fundi inaishia sentimita 150, na Thabeet ana 221, kwa hiyo ilibidi apimwe kwa awamu mbili ukutani. Kinyozi akapanda kwenye kiti cha wateja na kalamu nene mkononi ili aweke alama. Kiti cha kinyozi kinazunguka. Kila mtu pale anajua kinazunguka, kinyozi ndiye aliyekinunua kwa sababu kinazunguka. Mangi akaegemea kiti ili ahakikishe hakuna wizi wa inchi.

Kalamu ilianzia sentimita 221, sawasawa kabisa. Kutoka hapo ikateremka kwa duara, ikakata kalenda ya parokia katikati ya Kwaresima, ikapita juu ya lile bango la mitindo ya nywele na kumchora kijana wa mtindo namba saba kutoka sikio mpaka sikio, ikaishia kwenye swichi ya taa. Kinyozi mwenyewe aliishia mapajani kwa Ticha. Wiki iliyofuata akaja mteja, akaliangalia bango kwa makini, akasema anataka namba saba. Kinyozi akaanza kazi. Alipomaliza, mteja akajitazama kwenye kioo, akauliza mbona mstari haujawekwa.

Lakini hasara ya mstari ni ndogo kuliko ya Machi 2009. Usiku ule Connecticut walicheza na Syracuse pale Madison Square Garden, New York. Kwa saa za kwetu mchezo ulianza kama saa kumi na nusu alfajiri. Sisi hatukuwa na televisheni ya kuonyesha mambo hayo. Tulikuwa na shemeji wa kinyozi, anayeishi Marekani, aliyekuwa akituma ujumbe mfupi wa simu. Saa moja asubuhi kinyozi akafungua kibanda, mlima uko wazi, na mteja wa kwanza akawa kijana aliyevaa tai. Ana usaili saa tatu mjini. Punguza pembeni, akasema, nionekane mtu.

Simu ikalia. “Sare. Wanaongeza dakika tano.” Kinyozi akazima mashine, akatusomea, akawasha. Simu ikalia tena. “Sare tena. Dakika tano nyingine.” Akazima, akasoma, akawasha. Ikalia ya tatu, ya nne. Kufikia hapo fundi cherehani alikuwa amekata shauri kwamba shemeji anatuchezea, kwamba hakuna mchezo wa namna hiyo duniani. Syracuse katika nyongeza tano za kwanza hawakuongoza hata mara moja, wanasawazisha tu. Wachezaji wanatoka kwa faulo, mmoja baada ya mwingine. Jonny Flynn wa Syracuse alicheza dakika 67, katika mchezo ambao kwa kawaida una dakika 40. Na kichwa cha yule kijana kilikuwa kinakwenda kwa mwendo huo huo: kila nyongeza, kipande cha upande wa kulia.

Nyongeza ya sita ilipoanza, upande wa kulia ulikuwa umekamilika na ulipendeza. Kinyozi akahamia kushoto. Umeme ukakatika.

Ujumbe wa mwisho uliingia saa mbili na dakika zake: Syracuse 127, Connecticut 117. Kinyozi akakaa kwenye benchi, hana nguvu. Kijana akawa anauliza, kwa adabu sana, kama kuna mkasi. Mkasi ulikuwepo, ila mwenye mkasi alikuwa na majonzi ya kitaifa. Yule kijana aliazima kofia ya Mangi, akapanda daladala, na alipofika kwenye usaili wakamwambia avue kofia. Anasimulia mwenyewe kwamba jopo zima lilinyamaza, kisha mama mmoja akampa pole kwa msiba, na maswali yakawa mepesi. Kazi aliipata. Kofia ya Mangi haijarudi.

Turudi kwenye mstari wa ukutani, maana ndio uliotuletea mchezaji wetu. Kinyozi alichoka kuulizwa habari za mtindo namba saba, akamwita fundi rangi aje aufunike. Akaja kijana mpole, amebeba kopo moja na brashi moja. Tukamwuliza ngazi iko wapi. Akasema ya nini. Akanyoosha mkono, akaanza na mstari kule juu, akafika mpaka kwenye dari akiwa amesimama chini.

Watu wazima watano tulitazamana. Fundi cherehani alikuwa ameshatoka mbio kwenda kuchukua futi. Futi sita na nusu, miaka kumi na tisa, anakaa hapa hapa kwetu, na maisha yake yote alikuwa akipita mbele ya kibanda akielekea kazini na hakuna aliyeinua macho. Ticha akamwuliza kama aliwahi kwenda UMISSETA. Akasema ndiyo, kwaya. Kinyozi akampokonya brashi. Mkataba ulikuwa kunyolewa bure muda wote atakapoichezea timu ya vijana wa kata, na mstari ukabaki ukutani mpaka leo, umepakwa robo.

Jumapili ya mchezo wa kwanza tulifika wote uwanjani, uwanja wa shule moja ya sekondari, goli moja lina wavu na jingine lina kumbukumbu ya wavu. Wapinzani walitoka Majengo. Mpira ukarushwa, kijana wetu akauchukua bila kuruka, tukashangilia. Kisha akasimama nao juu ya kichwa, mikono imenyooka, watu wa Majengo wanamrukia kiunoni. Tulimpigia kelele atoe pasi. Akatutazama, akauliza ampe nani, kwa kuwa wote walikuwa wanauomba na yeye hakutaka kubagua.

Hilo lingerekebishika. Lisilorekebishika lilikuwa lile jembamba lenye upara, mchezaji wa Majengo mwenye kasi, ambaye alikata katikati akaja mpaka chini ya goli letu. Kijana wetu alikuwa amesimama mahali penyewe hasa. Angeinua mkono mmoja tu, mpira ungeishia barabarani.

“Shikamoo, mjomba,” akasema.

“Marahaba,” akajibu mjomba, akafunga.

Kipindi cha pili tulimweleza kwamba uwanjani hakuna mjomba. Akaelewa. Mara ya kwanza mjomba alipokuja akamzuia kweli, kofi moja safi, mpira ukatoka nje, sisi tuko juu ya benchi tunapiga miluzi, kinyozi anatokwa na machozi anasema Thabeet, Thabeet. Kijana akaukimbilia mpira, akaufuta vumbi kwa fulana yake, akamrudishia mjomba kwa mikono miwili, ameinama kidogo. Na kutoka pembeni ya uwanja ikasikika sauti ya mama yake: “Wee! Huyo ndiye aliyekulipia ada! Mwache afunge!”

Akamwacha. Akamwacha mchana kutwa. Ticha aliandika ripoti nyuma ya tiketi ya daladala: tabia A, kikapu aje na mzazi.

Njiani kurudi Mangi alitoa hotuba ambayo nadhani alikuwa ameitunza kwa miaka mingi. Connecticut, akasema, wana makombe sita ya taifa ya wanaume: 1999, 2004, 2011, 2014, 2023 na 2024. Tumtajie moja la wakati wa Thabeet. Hatukuwa nalo. Mwaka 2008 walitolewa mchezo wa kwanza kabisa na San Diego, kwa pointi moja, kwenye muda wa nyongeza. Mwaka 2009 walifika nusu fainali kule Detroit, Michigan State wakawafunga 82 kwa 73. Kwenye timu hiyo kulikuwa na mtoto wa mwaka wa kwanza, Kemba Walker, futi sita na kitu kidogo, ambaye sisi hatukumtazama kwa sababu alikuwa anatuzibia Thabeet kwa chini. Miaka miwili baadaye Kemba akashinda michezo kumi na mmoja mfululizo, mitano ya kwanza kwa siku tano, akabeba kombe. Lile la 2014 akabeba Shabazz Napier, naye wa urefu huo huo. Fundi cherehani akamtaja Clingan, lakini kwa sauti ndogo.

Mimi niko upande wa Mangi, kahawa zangu anazodaiwa tuziweke kando. Timu yenye mrefu mzuri inatisha. Timu yenye mfupi anayejua mpira uende wapi, na lini, inachukua kombe. Machi 2025 Connecticut walitolewa na Florida kwa pointi mbili, 77 kwa 75, na Florida ndio waliokuja kuwa mabingwa; pointi mbili si jambo la inchi. Kwa hiyo katika wageni wa msimu wa 2025/26 wengine wamtazame Mjerumani. Mimi namtazama Braylon Mullins, mtoto wa Indiana mwenye mkono wa kurusha kutoka mbali. Fundi cherehani keshauliza urefu wake. Nimekataa kumwambia.

Yule kijana wa rangi bado tunaye, mkataba ni mkataba, na mama yake ni mtu wa kuogopwa. Nafasi iliyo wazi ni moja. Tunatafuta kijana mfupi, mwenye mbio, anayeweza kutoa pasi na kubagua, na ambaye hana mjomba Majengo. Aje kibandani Jumapili baada ya ibada ya pili. Malipo ni kunyolewa bure, umeme ukiwepo.